Ile Mbabula Ilikuwa Baridi

Mama Célestine mpendwa, naomba msaada, na kabla sijasema neno naomba jina langu lisitoke hewani, maana kwangu redio haizimwi, na muntu anayekaa karibu nayo kuliko wote saa ya kipindi chako ni yule yule niliyemukosea.

Mimi ni mwanaume wa hapa hapa Kalemie, muislamu, wazee wangu walikuja zamani na biashara ya ziwa wakabaki, mimi nauza simu na betri za sola, kwa hiyo waya siziogopi, na pengine njo shida yangu ilianzia hapo. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, anaitwa Mwanne, alizaliwa Uvira. Mwaka huu vita vilipowasukuma watu wa kule, wakaanza kushuka kwa mashua na magodoro yameloa, Mwanne akawa anakwenda porti kila asubuhi kutafuta sura anazozifahamu, na siku moja akarudi na Hortense, na watoto wake, na mama yake muzee Séraphine akiwa amevaa kiatu kimoja. Hortense ni mukristo na sisi ni waislamu, lakini yeye na Mwanne walilelewa ua moja, wakachota maji pamoja mpaka Mwanne akaolewa, na mimi ananiita shemeji tangu siku ya harusi. Nyumba ilikuwa imejaa tayari, tukawapa garaje. Nilitaka kuitoa gari, Mwanne akasema iache ndani, huko nje wataiba esanse ya tanki, basi tukasukuma gari upande wa ukuta, kitanda upande mwingine, katikati tukatundika kitenge.

Sasa gari yenyewe. Ni ya ibride, ile ya esanse na umeme pamoja, niliipata kupitia Kigoma, imetumika lakini safi, inakunywa esanse kidogo mpaka jirani wanasema ninaitilia maji. Ukiiwasha haingurumi. Taa ndogo ya kijani inawaka kwenye tablo, mbele ya usukani, kusema iko tayari, moteri ya esanse imelala, halafu betri kubwa ikipungua moteri inaamka yenyewe bila kuuliza muntu, hata kama gari imesimama. Hayo nilikuwa nayajua, Mama, nayaandika ili na wewe ujue kwamba nilikuwa nayajua.

Unakumbuka ile asubuhi tetesi zilipoingia sokoni, muntu mumoja akaangusha mabati, wengine wakasema ni bunduki, mji mzima ukakimbia? Mimi nilikuwa natafuta ufunguo chini ya nguo huku watoto wanalia mu gari na Mwanne ananiita kwa jina la baba yangu. Kumbe hakukuwa na kitu, lakini tangu siku ile nikasema lazima gari iwake mimi nikiwa bado ndani ya nyumba. Nikaagiza telekomande ya kuwashia gari kwa mbali, ile ya kuongeza, haikutoka kiwandani na gari. Mafundi wa hapa wakasema ibride hatuigusi. Nikaifunga mwenyewe kwa kufuata video za simu. Ile gari haikubali kuwaka bila kusikia ufunguo wake karibu, nikachukua ufunguo wa pili nikauficha nyuma ya tablo. Haikubali bila freni kukanyagwa, nikaidanganya kwa waya. Na kuna waya mwingine, wa kuzima gari yenyewe kama imesahauliwa, kila fundi wa video anausisitiza, huo nikauacha unaning'inia, kwa sababu ulikuwa unazima gari kabla sijamaliza kuwaonyesha watu. Maana niliwaonyesha sana. Avenyi nzima, mtaa wote, wakaniita Papa Telekomande, na mimi nikaitika.

Jumapili moja baada ya chakula mvua ilishuka, ile mvua yetu inayopiga mabati mpaka munaongea kwa mikono. Tulikuwa barazani, Mwanne na Hortense wanachagua maharagi, watoto wanacheza, na mama muzee Séraphine alikuwa amelala garaje, mulango wa bati umefungwa mvua isiingie. Jirani yetu Papa Cyrille, muzee wa parokia, ambaye na yeye ana ibride kama yangu, alikuwa amekuja kujikinga kwetu. Akanipigia kelele sikioni: "Papa Chabani, hako kakitu kako kanafika mpaka hapa?" Nikasema kanafika, nikakabonyeza. Hatukusikia kitu. Papa Cyrille akacheka, nikasema labda ni ukuta unazuia, nikakarudisha mufukoni kwa hasira, nikaingia ndani kuswali alasiri, kisha nikajinyoosha kidogo. Garaje sikwenda kuangalia. Kutoka baraza mpaka garaje ni hatua chache tu, Mama, na mwavuli ulikuwepo.

Hortense njo alikwenda kumupelekea mama yake chai. Ile sauti aliyotoa naisikia mpaka leo. Tulimukuta mama muzee ametapika, macho yako wazi na hasemi, tukamutoa nje mvuani, mimi nikaruka mu gari nimupeleke hospitali, nikanyoosha mukono niiwashe, na ile taa ya kijani ilikuwa inaniangalia. Gari ilikuwa inawaka. Moteri ilikuwa inazunguka na mvua ilikuwa imeifunika sauti. Hakuna mwingine aliyejua, kila muntu alifikiri nimeiwasha pale pale.

Hospitali walimupa oksijeni akarudi, leo anatembea, ila kichwa kinamuuma na anasahau maneno, juzi alishindwa kukumbuka jina la mujukuu wake. Daktari aliuliza, "Moshi gani huu?" Mwanne akajibu mbele yangu: "Ni mbabula, dokta. Hortense aliingiza mbabula ya makala garaje kwa sababu ya mvua." Na ni kweli aliiingiza hiyo mbabula, jiko letu la mkaa, alikuwa amepikia ugali wa bukari mapema, hakutaka iloe. Lakini wakati tunamutoa mama muzee, mimi njo niliisogeza ile mbabula kutoka njiani. Niliibeba kwa mikono mitupu, nikaikumbatia. Ilikuwa baridi.

Nikanyamaza. Nilisema moyoni nitaongea tukifika nyumbani, na tulipofika nyumbani Mwanne alikuwa anamugombeza Hortense mbele ya watu, na Hortense alikuwa ameinamisha kichwa, kwa sababu kwetu hapa mugeni akigombezwa na mwenye nyumba hajibu. Kesho yake akaja na sahani ya ndagala, dagaa zetu za ziwa, alizokaanga mwenyewe, akapiga magoti, akasema, "Shemeji, unisamehe, nusura nikuletee kilio mu nyumba yako. Nafikiri kaa moja lilibaki chini ya majivu, sikuliona." Ananiomba musamaha mimi! Na mimi nikasema, "Haya, inuka, yamekwisha." Zile ndagala nilizikula, Mama. Nilikula mbele yake ili aone nimemusamehe.

Na mabaya zaidi ni kwamba watu wananisifu. Wanasema ile gari ilikuwa tayari kabla hata Papa Chabani hajakaa, kumbe telekomande yake njo imeokoa mama muzee, na Papa Cyrille anasimulia parokiani kama ushuhuda. Sasa anataka nimufungie na yeye. Gari yake inalala garaje, na mu garaje yake kuna familia nyingine ya wakimbizi imelala.

Hortense amefunga mizigo. Anasema Ijumaa anahamia kambini Katanika, chini ya turubai, mvua hizi, na mama yake hali hiyo, kwa sababu hawezi kukaa nyumba ambayo alikaribia kumuua mama yake mzazi. Mwanne analia lakini hamuzuii, kwa sababu na yeye anaamini. Nikisema ukweli bibi yangu atanionaje, jirani watanicheka, nani atanunua betri kwa muntu ambaye waya zake zinalaza watu hospitali? Nimefikiri kuing'oa ile kitu kimya kimya na kumupa Hortense turubai mupya na godoro zuri aende navyo. Niliifunga kwa ajili ya familia, Mama, vita havipigi hodi. Niambie, nikiing'oa haitoshi?

Ni mimi Mwenye Telekomande, wa duka la betri karibu na gare ya treni.

*

Papa wangu Mwenye Telekomande,

Haitoshi.

Nimeanza na hilo ili usisome huku unatafuta mulango wa nyuma. Sasa pole. Pole ya kweli, si ya redio. Ile asubuhi ya mabati na mimi nilikimbia, nikiwa na kandambili moja na sufuria, na mpaka leo sijui ile sufuria nilikuwa naipeleka wapi. Tangu hapo nina kifurushi nyuma ya mulango, vitambulisho na dawa za presha. Kwa hiyo mwanaume anayetaka gari yake iwake haraka kwa ajili ya watoto, mimi simucheki. Woga wako ni wa watu wote wa mji huu.

Lakini woga haukukukataza kuchukua mwavuli.

Umeniandikia kwa mukono wako kwamba ulikuwa unajua ile gari inawaka bila sauti, na kwamba moteri inaamka yenyewe. Asiyejua tunamufundisha. Wewe unayejua tukufundishe nini? Ulibonyeza, hukusikia kitu, na gari yako wewe ni ya kutosikia kitu! Ukaona haya kwa sababu Papa Cyrille amecheka, ukaenda kulala. Na ule waya mumoja ambao ungeizima gari yenyewe, uliuacha unaning'inia ili watazamaji wasikatishwe. Mashini ya kukimbia umeifunga kando ya kitanda cha watu waliokwisha kukimbia, Papa. Fikiria hilo ukiwa peke yako.

Hata hivyo, kama barua yako ingeishia hapo, ningekuambia ni ajali, shukuru Mungu mama muzee anapumua, uwe na akili. Ajali inampata kila muntu. Hii nyingine haikukupata. Hii unaifanya kila asubuhi unapoamka na kumuona Hortense anafagia ua wako kwa adabu ya muntu mwenye hatia.

Nilipofika pale pa ndagala niliweka barua chini nikaenda kunywa maji. Ulikula! Mimi ni Mukatoliki, wewe ni muislamu, haki ya mugeni umefundishwa kuliko mimi, kwa hiyo sikuhubirii. Nakuuliza tu zilipita wapi.

Na turubai mupya. Aka, Papa! Unataka kumununulia paa la kambini muntu ambaye unamutoa kwako kwa uongo? Ile fidia si yake, ni yako, ni ya kukupatia usingizi. Hortense hana shida ya turubai. Hortense anaamini kwamba mikono yake mwenyewe, iliyomubeba mama yake kutoka Uvira, ilikaribia kumuua. Atakwenda na wazo hilo Katanika, atalala nalo, na kila akipuliza makala kuwapikia watoto wake atachokora majivu kutafuta kaa lililobaki. Hakuna turubai ya kufunika kitu kama hicho. Kuna muntu mumoja tu duniani anayeweza kukiondoa, kwa sababu ni mumoja tu aliyeikumbatia ile mbabula.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani hukulifikiria, na hili halingoji. Mama muzee anasahau maneno. Daktari alimutibu kama muntu aliyevuta moshi kidogo wa kaa lililobaki. Alivuta kwa muda gani? Hortense hajui, Mwanne hajui, daktari hajui. Wewe unajua, kwa sababu unajua ulibonyeza kabla ya alasiri, na unajua uliswali, na unajua ulijinyoosha. Ile hesabu iko ndani ya kichwa chako peke yako, na yeye anaihitaji mu faili yake. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe unaficha maradhi ya muntu mwingine.

Sasa sikiliza, na ufanye kwa mupango huu huu.

Leo, ukimaliza kusoma, sukuma ile gari nje ya garaje. Wakiiba esanse, waibe. Toa ule ufunguo uliouficha nyuma ya tablo, maana gari yenye ufunguo ndani yake ni ya muntu yeyote, na siku ya kukimbia mwingine atakutangulia. Telekomande itoe betri. Zile waya ulizounga usizifungue mwenyewe kwa aibu na haraka. Ibride ina umeme mukubwa ambao hausamehi, na wewe mukono wako tumeshauona. Tafuta fundi anayezijua gari hizo, hata kama ni wa kumungoja kutoka Kigoma. Mpaka afike, unawasha na ufunguo kama baba yako.

Kisha ukae na watu watatu pamoja: mama muzee, Hortense, na Mwanne. Usimuambie bibi yako kwanza pembeni ili akusaidie kupamba. Kaa chini kuliko wao. Usianze na vita. Usianze na "nilifanya kwa ajili yenu". Anza hivi: "Ile mbabula ilikuwa baridi. Mimi niliibeba. Gari njo ilitoa moshi, na mimi njo niliiwasha." Halafu nyamaza. Kunyamaza unakujua, sasa kukufae.

Hortense hatajibu, kwa sababu mugeni hajibu. Muambie: "Leo wewe si mugeni. Nijibu." Na akianza kujibu, Papa, usimukatize, hata akifika mahali pabaya, hata watoto wakisikia. Ile adabu yake umejificha nyuma yake muda wote huu, ni haki aivue mara moja. Mwanne naye atakuwa na zamu yake, na hiyo naogopa itakuwa ndefu kuliko ya Hortense, maana umemuacha amuaibishe dada yake mbele ya watu kwa kosa la mume wake. Siku hiyo utalala na njaa. Ni sawa tu.

Kesho yake asubuhi munakwenda hospitali, wewe na mama muzee, na unamuambia daktari kwa mudomo wako. Ukitoka huko pita kwa Papa Cyrille. Usimufungie kitu, na umuambie kwa nini, na umuambie atoe gari yake nje siku hiyo hiyo kama bado watu wanalala nayo. Yeye amekusifu parokiani, akusahihishe huko huko. Watakucheka. Nakuambia kweli, watakucheka mpaka mvua ziishe. Lakini muuza betri anayesema "hii nilikosea, usifanye kama mimi", mimi njo nitanunua kwake, kwa sababu mwingine ataniambia yote ni mazuri.

Na kama Hortense, baada ya kusikia, bado anataka kwenda Katanika? Usimushike nguo. Mubebee mizigo, na urudi kesho yake kumusalimia, na kesho kutwa. Lakini kwanza mupe chumba chako wewe na Mwanne, cha ndani, chenye dirisha. Garaje itakufaa wewe, kwa kuwa sasa haina gari.

Neno la mwisho. Barua yako bado sijaisoma hewani. Jibu hili nimelifunga na kulituma kwa mukono mpaka dukani kwako. Kipindi changu ni Alhamisi, na Alhamisi nitaisoma, jina lako sitalitaja wala la muntu mwingine, lakini nitaisoma, kwa sababu mu mji huu kuna garaje nyingi na mu garaje nyingi kuna wageni, na wenye magari lazima wasikie. Sikutishi. Nitatoa Uvira, nitatoa duka, nitatoa hata mvua. Mbabula siwezi kuitoa, maana bila hiyo hakuna barua.

Hortense atakuwa amekaa karibu na redio, wewe mwenyewe umeniambia. Nitakapofika pale pa mikono mitupu, atajua ni yeye. Fanya kwamba ile dakika asisikie kitu kipya.

Mama Célestine